Kutoka Mabawa hadi mapezi

Baba ana miaka 67, ana presha ya kupanda, na anataka kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Wewe ungemwambia nini?

Simu ya mama iliingia nikiwa katikati ya kikao ofisini, Septemba 2022. Mama hapigi simu saa za kazi hata siku moja. Nikatoka mbio hadi koridoni, moyo unadunda, nikijua tayari kuna msiba.

"Njoo umsemeshe baba yako," akasema. "Kachanganyikiwa. Anataka kwenda kuzama."

"Kuzama wapi tena, mama?"

"Baharini! Na mtungi wa gesi mgongoni!"

Ilinichukua dakika kumi nzima kuelewa kwamba hakuna aliyekufa na kwamba mtungi wenyewe ni wa hewa ya kupumulia, si ule wa kupikia. Lakini wasiwasi wa mama nao haukuwa wa kuchekea. Ijumaa ile ile mimi na mume wangu tukakata tiketi za basi la Tanga.

Waja leo

Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350. Unapita Chalinze, unakunja Segera, na ukifika Muheza machungwa yanakufuata hadi dirishani. Mume wangu ni mtu wa Moshi. Maji anayoyaamini ni yale ya ndoo. Njia nzima alikuwa akicheka peke yake: "Yaani mzee anataka mapezi!"

Kama hujawahi kufika Mabawa, usiutafute kwenye vipeperushi vya watalii. Ni mtaa wa watu wa kawaida: waalimu, wastaafu, mafundi, mama lishe. Hoteli za ufukweni ziko mbali na hapa. Baiskeli zinapishana hadi usiku, maana Tanga bila baiskeli si Tanga. Jioni vibaraza vinajaa, kahawa chungu inazunguka na kashata, na kila anayepita lazima asalimie. Ukipita kimya, kesho utaulizwa umekasirika nini. Kwa wapenzi mnaotafuta wikiendi tulivu, nitawaambia ukweli: msije Tanga kukimbizana na disko. Njooni mtembee polepole.

Tulimkuta baba barazani, kanzu yake safi, redio pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako kakuita uje kunisema, siyo?"

Nikakaa. Sikuwa na la kujibu.

Baba alifanya kazi bandarini Tanga miaka 31. Enzi zake meli kubwa zilikuwa zinatia nanga nje kwenye kina, kisha mzigo unaletwa gatini kwa matishari. Huko kwenye matishari ndiko alikotusomeshea sisi watoto wanne. "Miaka yote ile nimekaa juu ya maji," akaniambia, "na sijawahi kuona kilichopo chini. Hata mara moja. Ni kama kukaa kwenye nyumba miaka 31 hujaingia chumbani."

Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Akiwa kijana wa miaka kama 20, yeye na wenzake walikwenda na ngalawa hadi kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, wakalala chini ya mivinje. Usiku wakaona kasa wakipanda kutaga. Maziwe imekuwa hifadhi tangu mwaka 1975, lakini miti yake iliisha yote, mchanga ukaliwa na bahari, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga tu. Maji yakijaa hulioni. Yakitoka, linaibuka jeupe katikati ya bahari.

"Kisiwa changu kimeshuka chini," baba akasema. "Nami nataka nikifuate nikakione."

Bibi mwenye mvi

Wazo lenyewe lilitoka Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, ambako binamu yangu anafanya kazi hotelini. Baba alikwenda kumtembelea, akamwona bibi mmoja wa Kizungu, mvi kichwa kizima, anashuka kwenye boti amevaa nguo ya mpira na kubeba miwani yake ya kuzamia. Akamuuliza binamu yangu umri wa yule bibi. Sabini na mbili! Basi, usingizi wa baba ukaishia hapo.

Nilirudi chumbani nikashika simu, nia yangu ni kutafuta ushahidi wa kumkatalia. Wapi! Nilichokipata ni ushahidi wa kumtetea.

Kumbe mashirika makubwa yanayofundisha mchezo huu yana umri wa chini wa kuanza, miaka 10, lakini umri wa juu hayana. Mwaka 2019 Mwingereza Ray Woolley, aliyepigana Vita Kuu ya Pili, alizamia hadi zaidi ya mita 40 kwenye meli iliyozama ya Zenobia, huko Cyprus. Alikuwa na miaka 96. Umesoma vizuri, tisini na sita.

Na hapa jirani, kwenye pwani ya Kenya, Mjerumani Leni Riefenstahl alijifunza kuzamia miaka ya 1970 akiwa ameshavuka miaka 70. Huyu mama simsifii. Ndiye aliyemtengenezea Hitler filamu za kumtukuza, na doa hilo halikumtoka. Ila kisa chake cha kuzamia kina funzo. Ili apokelewe darasani, alijipunguzia umri kwa miaka 20! Mwaka 2002, mwaka aliotimiza miaka 100, alitoa filamu yake ya viumbe wa baharini. Likumbuke hilo la kudanganya umri, maana tutalirudia.

Nikapata na jambo la tatu, hili la Tanga kabisa. Maji ya hapa ni makazi ya silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwenye nyavu za kina kirefu miaka ya 2000, na mwaka 2009 serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walipochunguza magamba yake wakakadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba hukomaa kuzaa akiwa na miaka kama 55. Hamsini na tano! Umri ambao mtumishi wa serikali Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, silikanti ndiyo kwanza anaanza maisha.

Nilimsomea mume wangu. Akasema, "Usimwonyeshe mzee hiyo."

Swali la kwenye fomu

Kesho yake baba akaniletea fomu. Kila anayetaka kujifunza kuzamia hujaza maswali ya afya kabla ya yote. Ilikuwa kwa Kiingereza, akataka nimsomee nami niandike majibu. Tukakaa mezani, mama anachambua mchele pembeni na masikio yako kwetu.

Pumu? Hapana. Kifafa? Hapana. Uliwahi kupasuliwa kifua? Hapana. Tukafika kwenye swali la wenye umri zaidi ya miaka 45: je, una presha ya kupanda?

"Weka hapana," baba akasema.

"Baba, si unameza dawa za presha?"

"Weka hapana, tuendelee."

Mama akaacha mchele. "Hamezi! Wiki ya tatu hii hamezi. Eti zinamwamsha usiku kwenda haja."

Nitakiri jambo hapa, na sijivunii. Nilipoliona swali lile la presha, nilifurahi. Nilikuwa nimepata fimbo. Nikaanza kumsomea baba kila hatari niliyoijua na nyingine nilizozitunga palepale. Nikamwambia ana wajukuu. Nikamwambia anataka kumfanya mama mjane kwa sababu ya mchezo wa Wazungu. Baba alinitazama tu, akachukua fomu yake taratibu, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Akatoka. Chakula cha mchana hakula nasi.

Usiku mume wangu hakucheka. "Naomba nikuulize," akasema. "Baba ana presha kwa miaka mingapi?"

Sikujua.

"Anameza dawa gani?"

Sikujua.

"Mara ya mwisho kupima ilikuwa lini?"

Sikujua pia. Nilijua bei ya tiketi za kwenda naye harusini, nilijua saizi ya viatu vyake kwa ajili ya Idi. Lakini presha ya baba yangu niliijua leo, tena kwa sababu nilitaka kumshindia hoja. Sisi watoto wa mjini tuna tabia hii, tusidanganyane. Tunatuma hela kila mwezi, tunauliza "mnaendeleaje", tunajibiwa "hatujambo", tunakata simu.

Alfajiri nikamfuata baba barazani. Nikamwomba radhi. Nikamwambia: "Twende kwa daktari. Akisema ndiyo, sitasema neno. Akisema hapana, nawe usiseme neno."

Akafikiri. "Na wewe utamwambia ukweli, hutaongeza?"

"Sitaongeza."

Moyo ndani ya maji

Daktari mmoja pale mjini alimpima baba mara mbili, akiwa amepumzika. Ilikuwa 170 kwa 100. Chumba kikawa kimya.

Alitueleza vizuri, nami nakupa kama nilivyoelewa. Ukiingia majini hadi shingoni, maji yanaukamua mwili na kuisukuma damu ya miguuni na mikononi ije kifuani. Moyo unapata kazi ya ziada kabla hujapiga hata teke moja. Ndiyo maana mtu akiwa ndani ya maji mkojo humbana haraka. Kila unaposhuka mita 10, shinikizo linaongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Weka na mkondo, vifaa vizito, woga kidogo. Moyo wa kijana unahimili. Moyo wa mtu mwenye presha isiyodhibitiwa unaweza kushindwa, na mapafu yakajaa maji ya mwili wake mwenyewe. Matatizo ya moyo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazoua wazamiaji wenye umri mkubwa.

"Kwa hiyo ni hapana," nikasema haraka mno.

"Sikusema hivyo," daktari akajibu. "Nimesema kwa presha hii, hapana. Presha inashuka. Miaka 67 haishuki, lakini miaka si ugonjwa."

Akambadilishia dawa na saa ya kuzimeza ili asisumbuke usiku. Akampunguzia chumvi. Akamwambia atembee kila siku, aogelee taratibu, na arudi kila mwezi. Ikitulia, apimwe moyo akiwa anafanya mazoezi, ndipo waongee habari za bahari.

Nilidhani baba atakata tamaa. Kumbe daktari alikuwa amempa kazi, na baba yangu anapenda kazi. Kila alfajiri baada ya swala akawa anatembea kutoka Mabawa hadi Raskazone, anaogelea, anarudi. Mama alikwenda naye wiki ya kwanza ili amchunge. Wiki ya pili alikwenda kwa sababu, kwa maneno yake, "upepo wa kule ni mzuri." Wazee wangu, ambao miaka nenda rudi kila mmoja alikuwa na redio yake, wakawa wanaonekana asubuhi wakitembea wawili!

Desemba alipima 132 kwa 82. Januari akaja Dar, akakimbizwa kwenye mashine ya kupimia moyo, na karatasi ikasainiwa. Fomu ikajazwa upya. Kwenye swali la presha tukaandika ndiyo, na karatasi ya daktari ikabanwa nyuma yake.

Dole

Februari 2023 kaskazi ilikuwa inavuma, bahari safi, ndiyo miezi mizuri ya kuona chini. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, tukavuka mto kwa pantoni, tukafika Ushongo jua linazama. Wapenzi wasomaji, kama mnatafuta mahali pa kukumbushana mlipendana vipi, ufukwe ule na minazi yake unatosha.

Siku mbili za kwanza baba alifundishwa kwenye maji ya kifuani. Kanuni ya kwanza: usibane pumzi kamwe. Ya pili: puliza masikio kabla hayajauma. Ya tatu ni ishara za mikono, maana chini hakuna maneno. Siku ya tatu tukapanda boti kwenda Maziwe. Mama alibaki ufukweni na tasbihi.

Fungu la mchanga lilikuwa limeibuka, jeupe kama unga. Hakuna mti hata mmoja. Baba aliangalia muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akavaa mtungi, akavaa mapezi, na mwalimu wake akamshika mkono. Wakazama. Mimi nilielea juu na miwani na mrija wangu, natazama mapovu. Mume wangu alikaa mchangani akilinda vyakula, au vyakula vilimlinda yeye.

Baada ya dakika nne wakaibuka! Nusura nizimie. "Kuna nini?" nikapiga kelele.

Baba naye alikuwa amekasirika. "Kwa nini umenipandisha?"

"Mzee, si wewe umesema tupande?"

Kumbe baba alikuwa ameona vitatange wamejaa kwenye matumbawe, akafurahi, akamwonyesha mwalimu dole. Dole tupu! Na kwa wazamiaji, dole gumba juu maana yake ni "tupande." Kila kitu safi unaonyesha kwa kuunganisha kidole gumba na cha shahada. Tulicheka hadi boti ikayumba.

Wakashuka tena. Safari hii walikaa dakika 23, kina kisichozidi mita 6. Niliwaona kwa chini kama vivuli viwili, kimoja kinakwenda polepole sana, kinasimama kwenye kila jiwe. Kuna wakati kasa alipita kati yangu na wao. Baba hakumnyooshea kidole wala hakumfuata. Alitulia tu, mikono imekunjwa kifuani, mpaka kasa akapotea.

Alipopanda, aliomba chai. Hakuna hotuba. Njiani kurudi ndipo akasema, kama anaongea na boti: "Mivinje haipo. Lakini wenyeji wapo."

Je, na mzee wako?

Sitakuambia umpeleke mzazi wako akazamie. Wapo wasiopaswa kabisa: mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye mapafu mabovu. Hao daktari akiwakatalia, imeisha, na pwani ina mengine mengi ya kufurahia. Wapo pia vijana wa miaka 30 wasiopaswa, wenye vitambi na sigara, wanaojiona wazima kwa sababu hawajapima. Umri ni sababu ya kupima. Peke yake hautoshi kuwa jibu.

Kama wazo lipo nyumbani kwenu, haya ndiyo niliyojifunza:

• Daktari kwanza, kituo baadaye. Mwambie kabisa kwamba ni kuzamia na mtungi, na mtajie kila dawa, maana zipo dawa za presha zinazopunguza uwezo wa moyo kufanya kazi ngumu.

• Fomu isidanganywe. Si umri, si ugonjwa. Yule Mjerumani alibahatika. Mwalimu asiyejua ukweli wako hawezi kukusaidia.

• Chagua msimu. Masika na kusi kali si wakati wa mwanafunzi, hasa mwenye miaka sitini na kitu.

• Ulizeni kabla: mwalimu atabaki na mwanafunzi mmoja? Boti ina oksijeni ya dharura? Chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu kiko wapi, na mtafikaje?

• Baada ya kuzamia, ndege isubiri. Angalau saa 18 kwa aliyezamia zaidi ya mara moja, na saa 24 ni bora zaidi.

• Mzee akisema leo sijisikii, hakuna kumbembeleza. Bahari haihami.

Baba amezamia mara tano mpaka sasa. Ya sita aliiahirisha mwenyewe. Alipima asubuhi akakuta imepanda, akanipigia simu saa za kazi kuniambia hawaendi. Nilitoka kwenye kikao nikasikiliza hadi mwisho. Akanitajia namba zote mbili, nikaziandika kwenye daftari langu, chini ya zile za mwezi uliopita.

Kisha akashusha sauti. "Mama yako anauliza," akasema, "ile miwani, wanayo saizi yake?"